Tamasha la Wanavajo na Mambo Yasiyochezwa Jukwaani

Ukitoka Phoenix kwenda Flagstaff ni kupanda tu. Barabara ya I-17 inaanzia kwenye joto la jangwa, inapita katikati ya madungusi marefu, na baada ya saa mbili na kitu uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye misonobari na hewa ya kudai sweta hata mwezi wa nane. Juu ya mji umesimama mlima ambao ramani zinauita San Francisco Peaks. Wanavajo, mojawapo ya makabila ya watu wa asili wa Marekani, wanauita Dookʼoʼoosłííd, na kwao ndio mlima mtakatifu wa magharibi, mmoja wa minne inayoweka mipaka ya nchi yao. Chini yake kuna Museum of Northern Arizona, jumba la makumbusho lililoanzishwa 1928, na kwenye viwanja vyake ndiko lilikofanyika tamasha la Wanavajo nililohudhuria mwisho wa juma mmoja mwanzoni mwa Agosti 2018.

Mimi ni mzaliwa wa Likasi, Katanga, kule Kongo. Hapa Phoenix nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu wa zamu alikuwa Mnavajo kutoka Chinle. Yeye ndiye aliyetualika, na alishikilia jambo moja: nisije bila mama yangu. Tukaenda watatu, mama, binti yangu aliyekuwa na miaka kumi na minne, na mimi.

Nimeshaona maonyesho mengi ya tamaduni hapa Marekani. Mtu anavaa, anacheza dakika chache, anapigiwa makofi, anashuka, halafu mtu mwingine aliyesoma mahali ndiye anayeeleza maana ya ngoma ile. Flagstaff nilikuta mambo mengine. Mchezaji alikuwa Mnavajo, mshereheshaji Mnavajo, muuzaji Mnavajo, na aliyesimama ukumbini kueleza historia naye alikuwa Mnavajo. Zaidi ya yote, wao ndio walioamua wakomee wapi. Jambo hilo halijanitoka, maana sisi wa Likasi tunajua vizuri ilivyo kusimuliwa na wengine.

Hakuna aliyeshika kipaza sauti bila kutaja koo zake nne: ukoo wa mama yake, ambao ndio wake, ukoo wa baba yake, ukoo wa babu mzaa mama, na ukoo wa babu mzaa baba. Kijana wa gitaa mwenye jinzi iliyochanika magotini alifanya hivyo, na mzee wa filimbi vilevile. Mtoto wa miaka kama saba aliyepanda kuimba alizitaja zote nne huku akimwangalia bibi yake, na Wanavajo waliokuwepo wakamwitikia kwa sauti. Mwenzangu alinieleza kwamba watu wawili wakikutana huko hutajiana koo ili wajue waitaneje. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa babu wa mtu mzima, mgeni kabisa akageuka dada, na wa ukoo mmoja hawaoani hata kama hawajawahi kuonana.

Mama yangu ni Mbemba wa upande wa Sakania, na kwa Wabemba pia mtoto ni wa ukoo wa mama. Kiingereza hajui. Nilipomweleza yanayosemwa jukwaani alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza nimwambie mzee aliyeketi karibu nasi kwamba yeye ni wa Bena Bowa, watu wa uyoga. Nikasema. Mzee akageuka, akampa mkono kwa namna yao, mkono mwepesi usiobana, akamtajia na yeye za kwake: Watu wa Maji Machungu, Watu wa Nyumba Iliyoinuka, na nyingine mbili, akisubiri nimweleze mama kila moja kabla ya kwenda ya pili. "Hawa wana akili," mama akasema, na anayemjua mama anajua kwamba sifa hiyo haitoi ovyo. Usiku ule hotelini binti yangu alimketisha bibi yake kitandani, akamtajisha majina ya mama zake hadi pale kumbukumbu ilipogota, akayaandika yote kwenye simu.

Binti huyo huyo alivutiwa sana na habari za Miss Navajo Nation, shindano lililoanza 1952. Msichana mmoja aliyewahi kulishiriki alitueleza kwamba washindani humchinja kondoo na kumchuna mbele ya waamuzi, tena wanaulizwa maswali kwa Kinavajo nao wajibu kwa Kinavajo. Mwaka 1997 taji lilikwenda kwa Radmilla Cody, mwimbaji ambaye mama yake ni Mnavajo na baba yake ni Mmarekani mweusi. Wapo waliolalamika wakati ule. Lakini alilelewa na bibi yake kwenye mifugo, lugha anaijua, na kwa kuwa ukoo ni wa mama, ukoo alikuwa nao. Nilifurahi binti yangu aliisikia hadithi hiyo akiwa katika umri ule, kwenye nchi hii ambako kila siku anaulizwa yeye ni wa wapi hasa.

Sehemu kubwa ya Jumamosi niliimalizia kwenye meza ya mama mmoja mfumaji. Kitanda chake cha kufumia kilisimama wima, na yeye ameketi chini mbele yake, akifuma kutoka chini kwenda juu. Hakuwa na mchoro wowote wa kuangalia. Alipitisha uzi wa mshindio kwa vidole, si mstari mzima kwa mpigo bali kipande kifupi cha rangi moja, kisha cha rangi nyingine, halafu akaugonga kwa kitana kizito cha mti, du, du, mpaka nyuzi za mtande zikafunikwa zisionekane. Nilikaa pale muda mrefu, na zulia lilipanda upana wa vidole viwili. Sufu ilikuwa ya kijivu, kahawia, nyeupe na nyeusi, nyingi yake ikiwa rangi ya kondoo mwenyewe, kwa sababu alikuwa anafuma kwa mtindo wa Two Grey Hills, eneo la New Mexico ambako wafumaji walikataa kubabaishwa na rangi za dukani.

Kondoo wenyewe wana historia yao. Wahispania waliwaleta mwishoni mwa karne ya 16, aina inayoitwa Churro, na kwa vizazi kadhaa wakawa nguo, chakula na heshima ya kila nyumba ya Kinavajo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilidai ardhi imelika mno, ikalazimisha mifugo ipunguzwe. Bibi yake mama huyu alikuwa msichana wakati huo. Aliona kondoo wa nyumbani kwao wakikusanywa bondeni, wakapigwa risasi na kuachwa waoze. Alinisimulia hayo bila kuacha kufuma.

Akaja mgeni mmoja, akauliza kama bei inapungua. Lilikuwa zulia dogo, la dola mia kadhaa. Mama hakukasirika. Aliweka kitana chini akaanza kumhesabia: kumnyoa kondoo, kuosha sufu kwa povu la mzizi wa mmea wa yucca, kuichambua, kuisokota mara ya kwanza, kuisokota tena ili uzi uwe mwembamba na mgumu, kufunga mtande, na hapo ndipo kufuma kunaanza. Alisema yote hayo kwa upole, akiliangalia zulia na si uso wa mgeni. Mgeni alilipa bei kamili na kushukuru.

Nilivyoelewa baadaye, upole ule umetoka mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kwenye maduka ya wafanyabiashara weupe, mazulia yalinunuliwa kwa mizani, kwa uzito, na mwenye duka ndiye aliyesema kipi kinauzika. Na leo kuna vito bandia vya fedha na feruzi vilivyotengenezwa kiwandani ng'ambo vikauzwa kama vya Wanavajo, ingawa sheria ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa jina la watu wa asili wa Marekani kama si wao waliokitengeneza. Kwenye tamasha lile aliyeuza ndiye aliyetengeneza. Uliuliza, akajibu mwenyewe, na fedha ikaingia mkononi mwake. Nikitazama pembeni niliona mstari mwembamba wa rangi tofauti uliotoka katikati ya zulia hadi ukingoni. Nilipomwuliza, alisema wengine huuacha ili fikra za mfumaji zipate pa kutokea. Nilisubiri aendelee. Alitabasamu tu, akachukua kitana.

Chakula nitakipitia haraka. Nyama ya kondoo ya kuchoma ilikuwa tamu, na uji wa mahindi ya buluu uliotiwa majivu ya mreteni mama aliurudia. Lakini kuhusu ule mkate bapa wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta, ambao wageni wote wanaukimbilia, mwenzangu aliniambia nijue ninachokula. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, baada ya kuchoma mashamba yao na kukata mipichi yao kule Canyon de Chelly, liliwaswaga Wanavajo kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko, na zaidi ya 2,000 hawakurudi. Unga mweupe na mafuta ya nguruwe vilikuwa posho ya kambini, na mkate ule ulizaliwa hapo. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwarudisha kwao, ndani ya milima yao minne, jambo ambalo ni makabila machache sana ya Marekani yaliyolipata. Mwaka ule wa tamasha ulikuwa wa 150 tangu mkataba huo, na kila mzungumzaji aliutaja.

Muziki ulikuwa wa kila aina. Kulikuwa na wachezaji wa pete, ambao huzifuma pete kubwa nyembamba mwilini, ngoma ikipiga, mpaka mtu akageuka tai mbele ya macho yako. Kulikuwa na gitaa la umeme. Filimbi ya mwerezi ilipigwa mara nyingi, na wenyeji wana haki ya kuionea fahari, kwa kuwa R. Carlos Nakai, mpigaji wake anayejulikana kuliko wote, mwenye asili ya Kinavajo na Kiute, alizaliwa hapohapo Flagstaff mwaka 1946. Wakati wa ngoma ya mduara walituita sote. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alicheza mizunguko yote.

Mtu mmoja kutoka kwa watazamaji aliomba wacheze ngoma ya Yeibichai, ambayo alikuwa ameiona pichani. Mshereheshaji alijibu kwa adabu kamili kwamba hiyo ni ya uponyaji, huchezwa baada ya baridi kali kuanza, na haiko kwenye ratiba wala haitakuwepo. Mtoto mwingine akaomba hadithi ya Mbweha. Naye akaambiwa hadithi hizo husimuliwa wakati wa baridi, nyoka na dubu wakiwa wamelala. "Njoo theluji ikianguka," akamwambia. Hakuomba radhi wala hakueleza zaidi ya hapo, kisha kipindi kikaendelea.

Tamasha lile lilikuwa kama baraza ya nyumba. Mgeni anakaribishwa, anakalishwa, anapewa maji na habari, anacheka na wenyeji mpaka jioni, na hakuna anayeona ajabu kwamba mlango wa vyumba vya ndani umefungwa.

Jumapili nilikutana na mzee aliyekuwa anachora kwa mchanga wa rangi juu ya ubao uliopakwa gundi. Alitueleza kwamba michoro ya kweli hutandazwa sakafuni ndani ya hogan, nyumba ya asili ambayo mlango wake hutazama mashariki, kwa ajili ya mgonjwa, na hufutwa kazi ikiisha. Hii ya kuuza wameibadilisha kwa makusudi: rangi moja imehamishwa, kitu kimoja kimeachwa. Ni kipi, hakusema. Akaniuliza natoka wapi. Kongo, nikamjibu, Likasi. Akaacha mchanga uliokuwa kwenye vidole umalizike kudondoka, akasema, "Karibu na Shinkolobwe."

Tangu nifike Marekani hakuna mtu aliyewahi kulitamka jina hilo mbele yangu. Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka kwetu. Urani ya pale ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kutengenezea bomu la Hiroshima, na babu yangu alifanya kazi mgodini humo bila kuambiwa anachokibeba. Mzee yule alikuwa na ya kwake. Kwenye ardhi ya Wanavajo urani ilichimbwa tangu 1944 hadi 1986, karibu tani milioni 30 za mawe, na migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Baba yake alichimba. Aliporudi nyumbani jioni, nguo zake zilifuliwa pamoja na za watoto, na ukuta wa nyumba yao ulijengwa kwa mawe yaliyookotwa mgodini. Alikufa kwa mapafu. Alinieleza pia kuhusu Church Rock, Julai 1979, bwawa la taka za urani lilipopasuka na zaidi ya lita milioni 350 za maji yenye sumu zikaingia kwenye mto Puerco, ambamo kondoo walikunywa. Mwaka 2005 Wanavajo walipitisha sheria yao wenyewe kupiga marufuku uchimbaji wa urani kwenye ardhi yao.

Tuliongea mpaka foleni ikajaa nyuma yangu. Alisema kitu kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, vilevile vya bomu la Hiroshima: kwamba watoto wa Kinavajo walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao, halafu mwaka 1942 jeshi likawachukua vijana 29 watengeneze siri za vita kwa lugha hiyohiyo, wakafuatwa na mamia wengine, na wakakatazwa kusimulia hadi 1968. Kwa hiyo walikatazwa kusema, wakaamrishwa kusema, wakakatazwa kusimulia. "Sasa tunapanga wenyewe," akasema, akarudi kwenye mchanga wake. Nilimsimulia mama yote njiani. Yeye aliniambia mambo ya babu ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyokuwa anakohoa, na jinsi walivyohamishwa nyumba.

Jambo la mwisho kutoka Flagstaff lilihusu wasichana. Mwenzangu wa Chinle alikuwa anamweleza binti yangu kuhusu Kinaaldá, sherehe ya msichana anapovunja ungo: anakimbia alfajiri kuelekea mashariki, anasaga mahindi, inaokwa keki kubwa ndani ya shimo ardhini, na usiku wa mwisho watu wanaimba hadi kunapambazuka. Mama alipoelezwa, macho yalimng'aa. Wabemba tuna chisungu, na mama alikuwa mmoja wa wanawake walioishika kule nyumbani. Aliuliza maswali matatu, ya mtu anayejua anachouliza. Mwenzangu alijibu mawili. La tatu alitikisa kichwa, wakacheka pamoja, wanawake wawili waliokutana jana yake tu.

Korona ilipokuja 2020, eneo la Wanavajo liliumia vibaya. Mwezi Mei kiwango chao cha maambukizi kilipita hata cha New York, na sababu mojawapo ni kwamba karibu theluthi ya nyumba huko hazina maji ya bomba. Kanisa letu la Wakongo lilichanga maji na sabuni, na mwenzangu akayapeleka kwa gari la kaka yake. Mzee wa mchanga alifariki kipindi hicho. Ninawalilia wazee wote waliokwenda na mambo ya vyumba vya ndani, maana mambo hayo hayako kwenye video ya mtu yeyote.

Mwaka uliofuata waandaaji wa maonyesho ya jamii za wahamiaji hapa Phoenix walituandikia sisi Wakatanga wakitaka wasichana wetu wacheze chisungu jukwaani, dakika kumi na tano, na vile vinyago vya udongo vya kuwafundishia wasichana wa chisungu vionyeshwe. Baadhi ya vijana wetu walifurahi. Ni nafasi nzuri, walisema, na picha zitapendeza. Tulikutana sebuleni kwetu. Mama alisikiliza wote, kisha akauliza nani kati yetu amewahi kuona vinyago hivyo vikitolewa mbele ya wanaume. Kimya. Binti yangu ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake cha Phoenix, kwamba Wanavajo walimwambia yule mtoto arudi theluji ikianguka.

Tukawajibu waandaaji kwa barua, tukitaja tutakachokuja nacho. Atakuwepo mzee wetu mmoja anayepiga gitaa kwa vidole viwili kwa mtindo wa Jean Bosco Mwenda, ambaye alirekodiwa Likasi mwaka 1952 mji ukiitwa Jadotville, na atajieleza mwenyewe. Atakuwepo mtoto wa mchimbaji wa Shinkolobwe, atakayesimulia kwa Kiswahili huku mjukuu wake akitafsiri. Kila msichana atakayepanda atataja ukoo wa mama yake kwanza. Vikapu vitauzwa na waliovisuka, kwa bei yao. Chisungu haitakuwepo, na sababu hatukuandika. Walikubali, wakabakiza zile dakika kumi na tano. Hazikutosha hata kidogo. Mzee wa Shinkolobwe alikatwa katikati na watu wakamfuata nje kumalizia. Safari hii tumeomba dakika arobaini na meza mbili, na mwenzangu wa Chinle amesema atakuja na mama yake.